Daftari lenye safu mbili: shajara ya kuwafundisha watoto kujitegemea

14 Septemba

Mkubwa, binti yetu wa kwanza, amemaliza mtihani wa darasa la saba juzi. Dada wa kazi, aliyekaa nasi miaka mitano, ameondoka wiki iliyopita kwenda kuolewa kwao Singida. Ningekuwa na akili ningeyaona haya mawili yanakuja. Sikuyaona, yamenikuta.

Jana jioni nimemkuta Mkubwa amesimama mbele ya beseni kama mtu anayengoja gari kituoni. Nguo chini, ndoo ya maji pembeni, pakiti ya sabuni mkononi. Akaniuliza, "Baba, inatangulia sabuni au zinatangulia nguo?" Ana miaka 13. Kiingereza anasoma bila kukwama, desimali hazimsumbui, na Januari akipangiwa bweni atakuwa na ndoo yake na beseni lake, na wa kumwuliza ni wenzake tu ambao nao, nadhani, wametoka nyumba kama hii yetu.

Mimi ni fomeni wa ujenzi. Saiti yoyote ina daftari: leo mafundi wangapi, saruji mifuko mingapi, kilichofanyika, kilichokwama na kwa nini. Basi nimenunua daftari jipya, nikaandika juu: KUJITEGEMEA, MIEZI MINNE. Wahusika ni Mkubwa. Wa Kati, mvulana wa miaka 9. Na Kitinda, msichana wa miaka 6. Mama watoto ana ofisi ya kushona nguo, anatoka saa mbili asubuhi anarudi saa moja usiku. Mimi kuna wiki nalala saiti siku mbili tatu.

15 Septemba

Kikao mkekani baada ya chakula. Swali lilikuwa moja: dada alikuwa anafanya nini humu ndani? Watoto walitaja kazi tisa. Kupika, kufua, kudeki, kuosha vyombo, hizo hizo. Mimi nikaongeza nne, nikajiona nimefanya vizuri. Mama watoto akachukua kalamu akaendelea peke yake, na alipoiweka chini tulikuwa na thelathini na nane. Nyingine sijawahi kuzifikiria kama kazi. Kugeuza mchele juani usiingie wadudu. Kujua gesi inakaribia kuisha kwa kuugusa mtungi na kuutikisa. Kukumbuka kwamba Alhamisi Kitinda anatakiwa kwenda na nguo za michezo.

Tumegawana. Kitinda amepewa kuvaa mwenyewe, kukunja kitanda, kufua soksi na chupi zake. Wa Kati vyombo, kufagia uwanja, na chai. Mkubwa jiko na nguo.

Jiko nimelisimamia mwenyewe, kwa hilo sikufanya utani. Mtungi ni wa kilo 6. Koki inafungwa kwenye mtungi, si kwenye jiko peke yake. Ukisikia harufu usiwashe taa wala usiizime, fungua mlango na madirisha, toka nje. Wa Kati haruhusiwi kuwasha kama hakuna mtu mzima ndani. Namba 114 ya zimamoto na 116 ya huduma kwa mtoto zimeandikwa kwa kalamu nene mlangoni mwa kabati. Kitinda ameziimba mpaka tumechoka, halafu akadai wimbo wa namba ya simu ya mama. Nao tumeutunga.

22 Septemba

Wiki ya kwanza imekwenda vizuri mno. "Kaoshe vyombo." Anaosha. "Nenda dukani kwa Mangi kalete chumvi na kiberiti, chenji uhesabu." Anakwenda, analeta, chenji kamili. Wali wa Mkubwa wa kwanza ulikuwa bokoboko juu na mkaa chini. Wa pili uliliwa. Nimeandika: mradi uko mbele ya ratiba.

Ningekuwa nimeambiwa na fundi yeyote kwamba yuko mbele ya ratiba wiki ya kwanza, ningekwenda kukagua msingi.

28 Septemba

Nililala Kibaha siku mbili, tulikuwa tunamwaga zege. Mama watoto naye alikuwa na nguo za harusi, amerudi saa nne usiku siku zote mbili. Nimefika nyumbani nimekuta vyombo vya juzi kwenye sinki, uwanja haujafagiwa, na sufuria la maharage yaliyochemshwa vizuri, yameiva, hayana chumvi hata punje. Wameyala hivyo mara mbili.

"Chumvi si iliisha?" nikauliza.

"Iliisha."

"Hela si mlikuwa nayo?"

"Tulikuwa nayo, Baba."

"Sasa?"

Wakatazamana. Wa Kati ndiye aliyejibu, na hakujibu kwa ujeuri, alikuwa ananieleza tu jambo lilivyo: "Hukututuma."

Nimekaa na neno hilo tangu jana. Watoto wetu tunawasifia kwa kutumwa. Mgeni akija unataka aone: mtoto anaitwa mara moja, anaitika "abee Baba", anakwenda mbio, anarudi na kitu sahihi. Tunaita malezi, na ni malezi kweli, sitaki mtoto asiyetumika. Lakini anayetuma ndiye aliyeona chumvi imeisha, akakisia ya kutosha, akaamua iletwe sasa na si jioni. Mtoto ametoa miguu. Mimi nilikuwa nimemwondoa dada nikajiweka mwenyewe, na kazi ile ngumu, ya kuona, ilikuwa bado kichwani mwa mtu mzima. Mtu mzima alipolala Kibaha, nyumba ikasimama.

Kuanzia leo daftari lina safu mbili. Ya kwanza: ALIFANYA. Ya pili: ALIONA MWENYEWE. Nimerudi nyuma kujaza wiki mbili zilizopita kwa haki. Safu ya kwanza, arobaini na tatu. Safu ya pili, moja. Kitinda aliona kiatu chake kimefunguka gundi akasema kabla hakijaachia.

30 Septemba

Nyongeza ambayo haihusu nyumba yangu moja kwa moja, lakini imenijia nikiwa kwenye foleni ya Buguruni.

Nimesoma shule ya msingi Muheza miaka ya themanini. Elimu ya Kujitegemea tuliijua kama jembe begani. Shule ilikuwa na shamba la mahindi. Walimu walipanga lini tulime, wakaamua yauzwe lini na kwa nani, sisi tukalima. Nilimaliza darasa la saba nikiwa na mikono migumu na sijawahi kuulizwa hata mara moja tupande nini. Waraka wenyewe, ambao Mwalimu Nyerere aliutoa Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, nimekuja kuusoma nikiwa mtu mzima. Haukusema hivyo. Ulitaka wanafunzi washiriki kupanga na kuamua, na matokeo ya shamba wayaone kwenye maisha yao wenyewe shuleni. Sisi tulipewa nusu ya jembe. Halafu mimi nami, baada ya miaka yote hiyo, nimefungua shamba la shule Tabata, na mwalimu mkuu ni mimi.

5 Oktoba

Mabadiliko. Hakuna tena kugawa kazi, tunagawa maeneo. Mwenye eneo anafanya, anaona, anasema mapema. Wa Kati ameomba umeme, kwa sababu anapenda kubonyeza namba. Basi ni Bwana Umeme: anasoma mita ya LUKU kila asubuhi, anaandika uniti zilizobaki, zikifika kumi anakuja kudai hela, anasubiri ninunue kwa simu, kisha anaingiza zile tarakimu ishirini mwenyewe. Mkubwa ana jiko pamoja na pesa yake: shilingi 30,000 za mboga, viungo na vidogo vidogo kwa wiki nzima. Zikiisha Alhamisi, zimeisha Alhamisi. Mchele na unga tunanunua sisi. Kitinda ana maji ya kunywa: ndoo ya maji yaliyochemshwa isikauke. Hachemshi yeye. Anachungulia na kutangaza.

Sharti langu mimi: sikumbushi. Mama watoto amesema hilo ndilo litakalonishinda.

12 Oktoba

Mkubwa amelizwa gengeni. Fungu la nyanya, juu nyekundu zinang'aa, chini mbili zimeoza na moja ya kijani. Amerudi analia hasira. Mimi nilishaanza kuvaa kandambili niende kule gengeni nikaseme na yule mama. Mkono umefika mlangoni ndiyo nikakumbuka. Nikarudi kukaa.

Leo amekwenda tena, genge lile lile. Nimeuliza kwa nini asiende jingine. Akasema jingine ni mbali, na huyu sasa anamjua. Amepanga nyanya upya mwenyewe, moja moja, kwenye fungu, mama akacheka akamwongezea ya juu. Safu ya pili.

Pesa ziliisha Ijumaa asubuhi. Jumamosi tumekula ugali na mlenda wa kukausha aliotuletea shangazi yao. Hakuna aliyelalamika kwa sauti.

19 Oktoba

Leo watani wa jadi, Simba na Yanga, wamecheza. Mimi upande wangu sisemi.

Kipindi cha pili kimeanza, nyumba imejaa, majirani wawili wameleta viti vyao. Dakika ya sabini na kitu, televisheni kimya, feni inapunguza mwendo, inasimama. Mtu mmoja akasema umeme umekatika. Lakini kwa jirani kelele zinaendelea. Wote tukamgeukia Bwana Umeme.

Nimwandike alivyokuwa, kwa sababu nataka kukumbuka. Alikuwa chini karibu na meza, bakuli la karanga mapajani. Karanga moja ilikuwa imefika nusu ya njia kwenda mdomoni. Haikufika. Akaiweka kwenye bakuli taratibu, akaweka bakuli mezani, akainuka, akaenda kwenye mita, akakaa huko muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma sifuri. Aliporudi akasema, "Niliona nane juzi. Nikasema nitakwambia kesho." Kesho yake alisahau.

Mimi niliziona zile nane pia. Niliziona jana asubuhi nikipita, na nilinyamaza, na sasa nilikuwa na wageni sita gizani, au tuseme nusu giza. Nikamtumia pesa mama watoto anunue kwa simu yake maana yangu ilikuwa inazingua, tarakimu zikaja, kijana akaingiza, akakosea, akaingiza tena. Katikati ya hapo mtaa mzima ulilipuka kwa kelele. Goli lenyewe tumelikosa.

Jirani mmoja ameniambia wakati wa kuondoka kwamba kuna mambo ya kuwafundishia watoto na mechi ya leo haikuwa mojawapo. Sina hakika kama amekosea.

Tangu jioni hii mtoto amebandika karatasi kwenye mita.

26 Oktoba

Kufua. Hii niliipita haraka kwenye mpango na imenirudi. Mkubwa ameloweka kanga mpya ya mama yake, nyekundu, haijawahi kuguswa na maji, pamoja na kanzu yangu nyeupe. Nimepata kanzu ya waridi. Amelia, ameomba radhi, ameiloweka kwenye chumvi na sijui kitu gani, imekuwa ya waridi hafifu. Mama watoto anacheka akiniona nayo, mimi naivaa nyumbani.

Ameandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari hili, bila kuniomba ruhusa: "Kanga mpya inafuliwa peke yake mara tatu. Kola inasuguliwa kabla ya kuloweka, si baada." Nimemwacha.

2 Novemba

Daladala. Shule ya wa Kati iko vituo vitano kutoka hapa, na dada ndiye alikuwa akimpeleka. Mwezi na nusu huu tumekuwa tukimpeleka kwa zamu na tumechoka. Mama watoto hataki aende mwenyewe. Si suala la ubishi: barabara ina bodaboda zinazopita kushoto kwa gari lililosimama, na makonda wengine hawataki mwanafunzi kwa sababu nauli yake ni shilingi 200 na anachukua nafasi ya mtu mzima. Hoja zake zote ni za kweli. Tumekubaliana hatua: wiki moja naye kiti kimoja, wiki ya pili gari moja viti tofauti, wiki ya tatu peke yake na mtoto wa jirani wa darasa la sita.

Kwenye slabu, ile sakafu ya zege ya juu, huwa tunaacha mirunda, yaani nguzo za miti zinazoishikilia, kwa wiki kadhaa, halafu hatuitoi yote kwa mkupuo. Unatoa ya katikati kwanza, unasikiliza. Fundi mwenye haraka ameua watu. Lakini nimewahi kuona pia nyumba ambayo mwenyewe aliogopa, mirunda ikakaa mwaka, na chini ya slabu hapakuwa na mahali pa kuweka hata kiti.

9 Novemba

Amepitilizwa. Tulikuwa gari moja, yeye mbele mimi nyuma kabisa, makubaliano yakiwa kwamba hanijui. Kituo chetu kikafika. Nikamwona anainua mkono kidogo, usawa wa bega, kama mtu aliye darasani. Konda yuko mlangoni anaita abiria. Gari likaondoka. Tumeshushwa kituo cha pili mbele, tukarudi kwa miguu bila kusemezana, yeye hatua kumi mbele yangu.

Tatizo si kwamba hakujua kituo. Hakuweza kupaza sauti mbele ya watu wazima. Tumemlea asipaze.

Jioni sebule imekuwa daladala. Viti viwili viwili, Kitinda abiria mwenye kuku, Mkubwa dereva, mimi konda nimening'inia mlangoni napiga bodi, yaani kabati la vyombo, mpaka mama watoto akanikataza. Mara ya kwanza amesema "shusha" kama anayeomba msamaha. Nikamwambia gari limefika Segerea, mwisho wa gari, shukeni wote. Mara ya tano amesema "Shusha!" na sauti ikakatika katikati. Mara ya tisa au ya kumi jirani amegonga ukuta.

Nimemwambia na hili: ukimaliza kushuka, mwambie konda asante. Sauti kubwa si ukosefu wa adabu. Nilikuwa namwambia yeye, lakini nadhani na mimi nilikuwa sijawahi kuyatenganisha hayo mawili.

16 Novemba

Wiki ya tatu. Ameenda na mwenzake, wamefika. Nikiri: siku ya kwanza nilipanda bodaboda nikafuata gari lao mpaka kituoni, nimevaa kofia ngumu usoni mpaka kidevuni. Jioni akaniuliza, "Baba, leo hukwenda kazini?" Hakusema zaidi, akaendelea na madaftari yake.

23 Novemba

Neno la siri. Mtu yeyote akija shuleni kumchukua Kitinda, hata awe amesema ametumwa na baba, asipolitaja neno letu haendi naye. Neno ni la chakula anachokipenda. Nikamwomba rafiki yangu, ambaye hawafahamiani, amjaribu getini mwalimu wa zamu akiwa na habari. Rafiki kafika, kasema, "Baba yako amenituma nikuchukue." Kitinda kasimama imara, mikono kiunoni: "Siendi. Mpaka useme kisamvu."

Nimecheka barabarani peke yangu, halafu nikaacha kucheka. Neno limebadilishwa. Somo limeanza upya, polepole zaidi, na nimeandika kwa wino mwekundu kwamba kwa miaka 6 yapo mambo ambayo jukumu ni letu na litabaki letu. Neno la siri ni geti la pili. La kwanza ni mtu mzima aliyepo getini.

30 Novemba

Jirani mmoja, si yule wa mechi, amemwambia mama watoto kwamba tunawatumikisha watoto, na kwamba hiyo ni ajira ya watoto. Ameumia sana, mama watoto. Nimetafuta Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nikaisoma jioni nzima. Inalinda mtoto dhidi ya kazi za kumdhuru, na ajira, hata ile nyepesi, haianzi kabla ya miaka 14. Lakini kifungu cha 15 kinasema mtoto naye ana wajibu: kudumisha umoja wa familia, kuheshimu wazazi na wakubwa, kuitumikia jamii yake kwa uwezo alio nao. Kuosha sahani uliyoilia si ajira.

Hata hivyo nimepitia daftari kwa macho ya yule jirani. Mkubwa alikuwa analala saa tano usiku Jumatano mbili mfululizo kwa sababu ya kunyoosha nguo za watu watano. Hapo jirani alikuwa na haki. Nguo za baba sasa ananyoosha baba.

7 Desemba

Bibi yao amekuja kutoka Muheza na kiroba cha machungwa. Amefika mchana, akamkuta wa Kati uwanjani anasugua sufuria kwa majivu na mchanga. Akasimama na mtandio wake. "Mwanaume huyu nani anamsuguza masufuria?"

Nikaingia ndani. Sikuwa na ujasiri wa kubishana na mama yangu juu ya hilo, na maelezo yangu ya safu mbili yasingefika popote.

Mtoto mwenyewe ndiye aliyemjibu, bila kuinua kichwa. "Bibi, babu alipokuwa anaishi kambi ya mkonge, nani alikuwa anampikia?" Hadithi ya babu na kambi ya mkonge ameisikia kwa Bibi huyo huyo, mara mia. Marehemu baba alikaa kambini miaka sita kabla ya kuoa. Alijipikia, alijifulia, alijishonea vifungo.

Kimya. Halafu nikamsikia Bibi anacheka, anavuta kiti. "Hebu lete mbuzi nikuone kama unajua kukuna."

Hakujua. Hakuna aliyejua, dada alikuwa ananunua nazi iliyokwisha kukunwa. Bibi amemkalisha juu ya mbuzi, akamshika kifundo cha mkono: nazi unaizungusha, huikandamizi, ukiona nyeupe inakuwa ya kahawia umefika kwenye kifuu, geuza. Amempiga kidogo kwenye kidole kila alipokandamiza. Kisha kuchuja, tui la kwanza pembeni, tui la pili ndilo linatangulia kwenye sufuria, lile zito linakuja mwisho na ukikoroga usiache likatike. Wamepika samaki wa nazi. Wa Kati alituhudumia mwenyewe, mkono wake wa kulia una mkwaruzo wa meno ya mbuzi na anautembeza kama nishani.

Usiku Bibi ameniambia samaki mkunje angali mbichi. Kila anayesikia habari za mradi huu ananiambia methali hiyo, na sikuwahi kumjibu mtu. Samaki uliyemkunja amekunjika, basi. Hakujikunja. Lakini huyu ni mama yangu, nikasema ndiyo mama.

Bibi amekaa chumbani na Mkubwa siku tatu, mlango umefungwa, pamoja na mama yake na shangazi yake. Mambo ya kike. Nilinunua vilivyotakiwa dukani kwa orodha niliyopewa. Safu zangu mbili hazikuwa na nafasi humo.

20 Desemba

Mkubwa amepangiwa. Bweni, mkoa wa Morogoro. Fomu ya kujiunga ina kurasa tano: tranka, makufuli mawili, godoro, shuka za rangi fulani, ndoo mbili, fagio la chelewa, fyekeo, jembe na mpini wake. Nimeikunja niweke mfukoni. Akanyoosha mkono: "Hiyo ni yangu, Baba."

Nimempa na bahasha ya pesa. Nimekwenda naye Kariakoo kama mbeba mizigo. Tranka la kwanza alilolipenda lilikuwa na maua, akalifungua, akasukuma kifuniko nyuma, bawaba ikacheza. Akaliacha. Amechukua la kijivu, baya kwa kuangalia. Shuka amebishania hadi mwenye duka akaniangalia mimi aokolewe, nami nikaangalia feni.

Alisahau mpini wa jembe. Nililiona. Alikumbuka tukiwa tumeshafika kituoni, tukarudi, nimebeba godoro.

12 Januari

Hesabu kabla hajaondoka. Wiki ya mwisho ya Septemba: safu ya pili, sifuri. Wiki hii: kumi na saba, na sita ni za wa Kati. Kitinda mbili. Yapo yaliyoshindikana. Haja ya kudeki hakuna anayeiona, wanaruka uchafu kama kidimbwi. Kitinda bado anavaa kiatu cha kulia mguuni kushoto, siku moja kati ya tatu. Nami nimekumbusha mara nyingi kuliko nilizoandika.

13 Januari

Mama yake ndiye amempeleka. Nilikuwa na zege, au ndivyo nilivyosema.

8 Februari

Amepiga kwa simu ya matroni, wamepewa dakika tatu tatu. Shikamoo, marahaba, hujambo, sijambo. Nikauliza kama ana shida yoyote. "Hapana. Sabuni imebaki mche mmoja na robo, nimepiga hesabu itafika tarehe 20. Siku ya kutembelea ni tarehe 22. Siku mbili hizo nitakopa kwa mwenzangu wa kitanda cha juu, kwa hiyo mkija njooni na miche mitatu, mmoja ni deni." Dakika zikaisha kabla sijamwuliza kama anatukumbuka.

9 Februari

Nyumba imepwaya tangu aondoke. Vitu vinakwama ambavyo havikuwa vinakwama, na tunatafuta nani mwenye kosa. Leo wa Kati amekuja na ombi: amechoka na LUKU, ampe Kitinda, yeye anataka kuchukua kazi ya Dada, yaani Mkubwa.

Nikamwambia kazi ya Dada ilikuwa jiko, na jiko sasa analo mama yake.

"Siyo jiko," akasema. "Zile nyingine."

Nikamwuliza zipi. Akaanza kunitajia kwa vidole. Alikuwa ananikagua begi kabla sijatoka. Alikuwa anamgeuzia Kitinda viatu usiku, cha kulia kulia, ndiyo maana siku nyingine anapatia. Alikuwa anaitazama mita akisafisha jiko, mimi nikisahau ananikanyaga mguu mezani. Alipofika ya nne nilimwomba asubiri, nikaenda kutafuta kalamu.